Baa Nne za Fundi Lifti

Fundi Lifti hakuwa mwongo. Hilo liwekwe wazi mapema, maana mtaani kwake wapo ambao hadi leo wakisimuliwa kisa hiki hutikisa kichwa na kumwonea bure. Alichokuwa nacho ni tabia ya kusema nusu ya ukweli, kisha kunyamaza, na kuiacha ile nusu nyingine ijitafutie njia.

Kwa mfano, angerudi nyumbani jioni, avue viatu mlangoni, ajitupe kwenye kochi, halafu aseme kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na anasa, "Leo nilikuwa ile baa ya ghorofa ya thelathini." Na kweli alikuwa. Alikuwa juu yake kabisa, ndani ya chumba cha mashine, amelala kifudifudi kwenye zege, mkono mzima ndani ya gia, na muziki wa baa ukimtikisa meno kutoka chini. Siku nyingine alikuwa "ile baa yenye bwawa", maana yake shimoni, chini ya jengo, akichota kwa kopo maji ya bwawa yaliyovujia kwenye lifti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezifikia baa zote za fahari za jiji lile, zile za watu wanaonukia na magari yasiyotoa sauti, na hakuna hata moja ambamo aliwahi kuketi.

Mtaani wakampa heshima ya mtu anayejua starehe. Kinyozi alimnyoa bila foleni ili mradi apate habari za huko juu. Lakini aliyempigia tarumbeta kuliko wote ni mkewe, Mama Pacha, msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa. Pale, katikati ya mvuke na milima ya mashuka, wanawake watano waliokuwa chini yake walisikia kila Jumatatu mume wa msimamizi alikuwa wapi wiki iliyopita.

Basi Mama Pacha alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini, hospitali ikampa cheti na saa ya ukutani ambayo haikutembea tangu siku ya kwanza. Wenzake wakakasirika kwa niaba yake. Wakakata shauri kwamba la maana watalifanya wao: Jumamosi jioni, nguo za kutokea, baa nne za juu, wakitoka hii wanaingia ile, mpaka miguu ikatae.

"Wewe ndiye utakayepanga, Baba Pacha," mkewe alimwambia akimsogezea chai. "Nimeshawaambia hakuna anayezijua kama wewe. Jumapili wanakuja kusikiliza mpango."

Chai ikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mkewe akampigapiga mgongoni kwa subira.

Tusimcheke haraka. Angesema ukweli siku ile, aibu isingekuwa yake peke yake. Ingemwangukia mkewe mbele ya wanawake watano aliowaambia kwa miaka na mikaka kwamba mume wake ni mtu wa ghorofa ya thelathini, na Jumatatu angelazimika kusimama mbele yao akiwagawia kazi. Hilo ndilo lililomtisha Fundi. Kuchekwa alikuwa amezoea. Mkewe kuchekwa kwa sababu yake, hapana. Akaamua kufa na tai shingoni.

Jumapili sebule ikajaa. Walikuja wale watano wa kufulia, na mdogo wake Mama Pacha naye akaja, kwa sababu huyo sherehe ikipangwa bila yeye huugua. Fundi alisimama mbele yao na kalenda ya mwaka uliopita aliyoigeuza mgongo, na juu yake amechora majengo manne kwa rula, kila moja na lifti zake, kamba zake, na idadi ya milango. Baa yenyewe alikuwa ameichora kama kisanduku kitupu juu ya jengo.

"Baa ya kwanza," akaanza, "lifti ni ya watu wanane, kilo mia sita na thelathini. Na sisi tuko wanane."

"Basi tunatosha," alisema shemeji yake.

"Kwa vichwa tunatosha. Kwa kilo bado sijajua." Akafungua kalamu. "Tuanze na dada hapa. Una kilo ngapi?"

Dada aliyeulizwa alikuwa mpiga pasi mkuu, mwanamke aliyekuwa akinyanyua robota la mashuka mabichi kama mtu anayenyanyua mto wa kulalia. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Baba Pacha, umeuliza nini?"

"Uzito tu, dada yangu. Lifti haina adabu, haijui huyu ni mgeni wa mtu. Inajua kilo."

"Andika hamsini."

Fundi akamtazama. Alikuwa mtu wa vipimo, na kuna mambo ambayo kalamu yake ilikataa kuyaandika. "Hamsini za upande gani?" akauliza.

Mto wa kochi ulimpata sikioni. Baada ya hapo hakuna aliyetaja kilo zake, wala za jirani yake, na Fundi akalazimika kuwagawa makundi mawili kwa kukadiria kwa macho. Kundi la pili likanuna kwamba limeitwa la wazito. Akawatuliza kwa kusema kwamba la pili ndilo la wageni wa heshima, hivyo lazima lisubiriwe. Hapo kundi la kwanza lote likahamia la pili, na hesabu ikarudi pale pale.

"Achana na kilo," shemeji yake akasema. "Tuambie kulivyo. Watu wa huko wanavaaje?"

Swali hilo alilipenda. Lifti ikikwama kati ya ghorofa na ghorofa, fundi hufanya kazi kutoka chini, na kupitia upenyo wa mlango huona miguu ya wanaosubiri. Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikuwa ameitazama miguu ya matajiri kwa ukaribu ambao hata mafundi viatu wao hawakuupata. Akawaeleza viatu vyenye soli nyekundu, viatu vya ngozi ya nyoka, viatu vya kike vyenye kisigino chembamba kama msumari wa inchi nne, na bwana mmoja ambaye kila Ijumaa huja na viatu vya velveti bila soksi. Wanawake walisikiliza midomo wazi.

"Na juu ya viatu?" mpiga pasi akauliza.

"Miguu."

"Na juu ya miguu?"

"Inategemea," alisema Fundi.

Wakamwuliza kuhusu viti. Viti alivijua, ila alikuwa akivikuta asubuhi, vimepinduliwa juu ya meza ili sakafu ipigwe deki. Akawaambia vina vipira vyeusi vinne kwenye miguu, na kibandiko cha kiwanda chini ya makalio. Vina rangi gani? Akasema rangi nzuri. Wanakunywa nini kule? Akasema vinywaji vya kule huja kwenye makreti ya mbao, si plastiki, na wote wakaguna kwa heshima.

"Ile baa inayozunguka umeiweka ya ngapi?" shemeji yake akauliza. "Mimi hiyo ndiyo ninayoitaka."

"Hiyo nimeifuta. Mota yake haina afya."

"Si inazunguka lakini?"

"Ikijisikia."

Muda wote huo Mama Pacha alikuwa akimimina chai na kumtazama mumewe kwa jicho ambalo mumewe alishindwa kulisoma. Midomo alikuwa ameibana. Mwishowe akainuka. "Mwacheni mume wangu," akasema. "Akiwamalizia yote leo, Jumamosi tutaenda kuona nini?"

Wiki ile ilikuwa ya mateso. Jumatatu Fundi alijaribu kuugua, lakini mke anayefanya kazi hospitalini hadanganywi kwa homa ya kujikunyata. Jumatano shetani akamjia kwa njia ya kitaalamu. Alikuwa peke yake chumba cha mashine, bisibisi mkononi, akafahamu kwamba angeweza kuzifunga baa zote nne kwa skrubu moja moja, na Jumamosi wangekuta kibao cha samahani kwenye kila mlango. Aliitazama ile skrubu kwa muda mrefu. Kisha akaona haya. Kumharibia mtu lifti iliyo nzima ni jambo ambalo hata njaa haijawahi kumfikisha. Badala yake akazitia grisi zote nne, akazipima mara mbili, akaenda nyumbani kusubiri kuumbuka.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni gari liliwashusha chini ya jengo la kwanza. Wanawake walikuwa wamependeza hadi shingo za wapita njia zikageuka. Fundi alikuwa ndani ya suti yake ya harusi, ambayo vifungo vyake vilikuwa vimeacha kushirikiana na tumbo lake zamani. Na hapo ndipo alipogundua kwamba, pamoja na ile kalenda yote, kuna kitu alikuwa hakijui. Hakujua mlango wa mbele uko upande gani. Jengo lile alikuwa akiliingia kwa nyuma tangu linapigwa rangi.

Miguu ikajiendea yenyewe. Akawapitisha uchochoroni, kando ya mapipa ya taka, mlango wa chuma, korido yenye harufu ya vitunguu, wakaingia lifti ya mizigo. Kilo elfu moja na mia sita. Wote wanane wakaingia kwa mkupuo na nafasi ikabaki ya friji.

"Hii ndiyo lifti," alisema mpiga pasi akiegemea ukuta wa bati. "Haina maswali."

Mlango ulipofunguka walikuwa nyuma ya kaunta ya baa. Mbele yao taa, vioo, watu wamekaa kwa madaha, na jiji zima limelala chini ya madirisha likianza kuwasha taa zake. Meneja, kijana mwenye shati jeupe pepepe, aligeuka na trei mkononi.

"Fundi," alisema. Akaiangalia suti, hakuielewa. "Imekwama tena? Mbona hatujakuita? Na hawa saba ni wasaidizi?"

Fundi alijaribu kufunga kifungo cha suti, kikakataa. Wale wanawake watano hawakumtazama yeye. Walimgeukia msimamizi wao, mmoja mmoja, na macho yao yalimwuma Fundi kuliko ambavyo kicheko kingemwuma. Alitamani arudi shimoni.

Mama Pacha akanyoosha gauni lake, akapiga hatua moja mbele.

"Hakuna kilichokwama, mwanangu," alimwambia meneja. "Huyu amewapandisha watu wako hapa miaka kumi na tisa. Leo amepanda yeye. Tutafutie meza, na iwe ya dirishani."

Meneja alikuwa kijana mwenye akili. Aliweka trei chini, akainama kidogo, akawapeleka dirishani yeye mwenyewe.

Walipokwisha kukaa, mpiga pasi alimkazia Fundi macho. "Kwa hiyo vile viatu vyote uliviona ukiwa chini?"

"Chini," Fundi akakiri.

"Na vya velveti?"

"Vya velveti nilivigusa."

Hapo wakaangua kicheko ambacho kiligeuza vichwa vya baa nzima. Shemeji yake alilala juu ya meza. Mpiga pasi akasema, huku akijifuta machozi, kwamba katika maisha yake hajawahi kupelekwa starehe na mtu aliyepima kamba za lifti kwanza, na kwamba kwa usalama huo yeye haendi baa ya pili, anabaki hii hii. Wakakubaliana wote.

Fundi akamsogelea mkewe sikioni. "Ulijua tangu lini?"

"Nafua, Baba Pacha," alijibu mkewe kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na tisa nafua ovaroli yako. Mtu wa baa haji na grisi magotini."

"Na bado ukawaambia niko ghorofa ya thelathini."

"Ulikuwa wapi kwani?"

Fundi akaivuta menyu, akaisoma kama anavyosoma vitabu vya mashine, akitafuta kwanza ukurasa wa tahadhari. Mkewe akamwagizia bia baridi.

Glasi ilikuwa haijafika nusu pale lifti ya wageni ilipopanda na mlango wake ukafunguka kwa mkwaruzo mdogo. Hakuna aliyeusikia ila yeye. Alikuwa ameshanyanyuka kitini, mkono unatafuta bisibisi kwenye mfuko wa suti ya harusi.

"Jumatatu," alisema mkewe bila kugeuza kichwa.

Fundi akakaa. Mlango ukakwaruza tena, watu wakaingia, watu wakatoka, na yeye akanywa.