Kadi Niliyomnunulia Kaka

Watu wa mtaa wakinikuta dukani huniuliza kama ile kadi ya uanachama wa klabu inafaa kununuliwa. Huniuliza mimi kwa sababu wanajua sinunui kitu bila kukichunguza. Niliishi Katari miaka mingi nikifunga viyoyozi katika majengo ambayo wengi wao wameyaona kwenye televisheni tu. Nilirudi na diploma yangu ikiwa kwenye fremu, nikajenga nyumba Njiru, pembezoni mwa Nairobi, bila mkopo na bila harambee. Mtu wa namna hiyo akisema kitu kinafaa, husikilizwa. Nami huwajibu kwamba kila kilichoahidiwa na ile kadi nilikipata. Kisha huanza kuzungumza habari nyingine.

Kadi ilipotangazwa, kaka yangu mkubwa alikuwa amekaribia kuwa kipofu kabisa. Alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na nyumba aliyopanga akiwa kijana, upande wa Jericho, ndiyo anayokaa mpaka leo. Presha ya macho ilimla kuanzia pembeni, kama panya anavyoanza na ukingo wa mkate, na alipokwenda hospitali daktari alimwambia kuwa kilichopotea hakirudi. Alikuwa amebaki kuona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu. Aliacha gazeti, akaacha drafti, akaacha na kwaya kwa sababu alichoka kushikwa mkono mbele ya waumini. Kitu kimoja tu hakukiacha, uwanja wa mpira.

Klabu yenyewe tuliirithi. Baba alipokuja Nairobi kutoka magharibi kutafuta kazi, ndiyo iliyokuwa timu ya watu wetu, nasi tulizaliwa ndani yake kama mtu anavyozaliwa ndani ya dhehebu. Mimi nilipokuwa nje niliifuata kwenye simu. Kaka hakuwahi kuiacha hata wiki moja.

Shemeji, mke wa kaka, ndiye aliyeniambia jambo hilo lilivyo. Alikuwa anachambua mchele mlangoni, akasema kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie: "Wiki nzima yuko kitandani, ameelekea ukutani. Jumapili ya mechi anaamka kabla yangu, anatafuta viatu mwenyewe. Siku akiacha uwanja, shemeji, mimi nitakuwa nimebaki na mgonjwa."

Mahali pake palikuwa kwenye ngazi za saruji, upande wa jua, karibu na wapiga isikuti, zile ngoma za kwetu magharibi. Alikwenda na rafiki yake wa tangu ujana, fundi cherehani wa Pumwani, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye hajui kwao kwingine ila Nairobi. Fundi ndiye aliyekuwa macho yake. Pale ngazini walikuwa na desturi yao. Anayekaa kushoto kwa kaka ndiye anayemsimulia mechi, na fundi akikaukiwa na koo mwingine anasogea kushika nafasi. Hakuna aliyeombwa na hakuna aliyekataa.

Niliporudi nilikwenda nao mara moja tu. Nilikaa nyuma yao, jua likinichoma kisogo.

"Winga wetu ameupokea," fundi alikuwa anasema, mdomo karibu na sikio la kaka. "Anamtazama beki wao. Beki anatetemeka, wallahi, kama mtu aliyesikia landilodi anapanda ngazi. Amempita. Anakuja wa pili, naye amempita. Krosi hiyo, mzee, kipa wao ameruka kama paka aliyemwagiwa maji."

Mimi nilikuwa natazama uwanja huohuo. Winga alikuwa ameshaupoteza mpira zamani, na beki wao alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu.

Kaka alicheka, akamshika fundi goti. "Huyo kijana ataenda Ulaya."

"Hata kesho. Kilichobaki ni pasipoti tu."

Matokeo hawakumficha, maana redio ingewaumbua jioni. Tukifungwa walimwambia tumefungwa. Lakini kwa masimulizi yale tulifungwa na refa, na mlingoti, na upepo. Hatukufungwa hata mara moja na miguu yetu wenyewe. Nilidhani ni mzaha wa siku ile. Sikumuuliza mtu.

Basi kadi ikatangazwa. Zilikuwa za madaraja, na ya juu kabisa, ya dhahabu, ilikuwa na fulana, kura kwenye mkutano mkuu, mlango usio na foleni, na kiti chenye namba chini ya paa. Kaka na fundi niliwakaribisha nyama choma soko la Burma ili tulizungumze jambo hilo. Niliagiza mbavu, ugali na kachumbari, na mchuzi wa kaka, maana meno yake ya nyuma hayapo.

"Mapenzi yangu hayana tarehe ya kuisha," fundi alisema. "Kadi ya nini?"

Nilimweleza nilichokijua. Huko nje hakuna klabu inayoishi kwa tiketi za mlangoni peke yake. Wachezaji wetu walikuwa wanakaa bila mshahara, na kila msimu viongozi walipita wakiomba kama watu wa mazishi. Mshabiki asiyelipa ada ni mgeni tu, nilisema.

"Basi mimi ni mgeni tangu nikiwa na nywele, na chai sijapewa."

Kaka alicheka, lakini alikuwa ananisikiliza. Mwezi ule alikuwa ameteleza kwenye zile ngazi akachubuka muundi wote, na lile jua lilimrudisha nyumbani na kichwa kinachogonga. Shemeji alikuwa ameanza kusema asiende tena. "Hivyo viti vina mahali pa kushika?" aliuliza.

"Vina vyuma vya kushika, na kuna paa."

"Na mtu haniondoi?"

"Kina namba yako. Nani atakuondoa?"

Nilinunua kadi mbili za dhahabu, yangu na yake, kwa simu, palepale mezani, kabla ya mfupa wa mwisho kuisha. Nilitaka kumnunulia fundi pia. Alikataa, akisema wapiga ngoma nao wanahitaji mtu wa kuwazomea.

Siku ya kwanza nilikwenda kumchukua kaka kwa gari langu. Alikuwa amekaa mlangoni amevaa ile fulana mpya juu ya shati la kanisani, na kofia. Kwenye mlango wetu msichana aliipitisha kadi yake kwenye mashine akamwambia, "Karibu, mwanachama." Kaka akavua kofia. Alipapasa kiti chake, akapapasa chuma cha pembeni, akakaa taratibu. Hakuna aliyemkanyaga wala kumwagia soda. Waliotuzunguka walikuwa wanatazama simu zao. Nilijiambia kwamba hii ndiyo kazi niliyoifanya jangwani, kumweka kaka yangu kivulini.

"Haya," alisema, akinielekezea sikio. "Niambie."

Nilimwambia nilichokiona. Mimi si mtu wa kupamba. Kiyoyozi kikifa unamwambia mwenye nyumba kimekufa, humwambii kimepumzika.

"Mpira uko katikati. Wamerudisha kwa kipa. Kipa amepiga, umetoka nje."

"Kamgonga nani?"

"Hajamgonga mtu. Ametoa tu."

"Winga yuko wapi?"

"Amesimama. Ameshika kiuno."

"Ameumia?"

"Amechoka."

"Mapema hivi?" Alisogea mbele kidogo. "Labda wamembana. Wamemwekea wangapi?"

"Hakuna mtu karibu naye, kaka."

Ng'ambo, kwenye ngazi za jua, ngoma zilikuwa zinapigwa. Aligeuza uso kuzielekea. "Wamejaa leo?"

"Hapana. Ni kile kikundi cha ngoma na watu wachache. Kwingine ni saruji tupu."

"Na nyasi?"

"Zipo kwenye kona. Katikati ni udongo."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi mimi nimeukuta hivyo."

Alirudi nyuma akaegemea kiti. Mimi niliendelea kusimulia kwa uaminifu: umetoka, wamerusha, ameanguka mwenyewe, umetoka. Kuelekea mwisho tulipata bao. Watu waliruka, na kaka naye akainuka akishikilia chuma, mdomo wazi kama mtoto.

"Nani? Nani amefunga?"

"Beki wao. Umemgonga mgongoni ukaingia."

Alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Tulishinda mechi hiyo. Kwenye gari, tulipokaribia kwake, aliniuliza kuhusu kipa wetu. Fundi alikuwa amemsimulia kwamba aliwahi kuruka toka mlingoti mmoja hadi mwingine akaitoa penalti kwa vidole.

"Sikuwepo," nilisema.

"Najua. Lakini kwa kumwona tu. Anaweza kuruka hivyo?"

"Ana kitambi, kaka."

Alicheka puani. Nikamfungulia mlango, akashuka akaingia ndani akipapasa ukuta, bila kuniaga kwa mkono kama kawaida yake.

Mechi iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Iliyofuata tena alisema ni mvua, ingawa kile kiti kilikuwa chini ya paa. Baada ya hapo hakutoa sababu. Shemeji alinipigia simu akasema maneno machache: "Sasa hata Jumapili ameelekea ukutani."

Fundi alikuja mpaka Njiru kunitafuta. Hakuwahi kufika kwangu kabla ya siku hiyo, na nilitaka kumwonyesha nyumba, tangi la maji na vigae vya sebuleni nilivyochagua mwenyewe. Alivitazama, akakataa soda, akabaki amesimama.

"Mdosi, ulimwambia nini mzee?"

"Alichoniuliza."

"Nawe ukamjibu."

"Ulitaka nimdanganye kaka yangu? Mtu mzima, karani wa reli?"

"Unafikiri mimi pale nilikuwa naona nini?" Alisema bila hasira, kama anayempima mtu nguo. "Naona udongo kama wewe. Ile timu hainifurahishi tangu zamani. Lakini nikikaa kushoto kwake nikaanza kusema, nami naona mechi. Wale vijana nyuma yangu wanaacha kutazama uwanja, wanasikiliza. Unadhani tulikuwa tunampeleka yeye? Alikuwa anatupeleka sisi."

"Basi mngeniambia."

"Tungekuambiaje? Ulikaa nasi siku moja tu, jua likakushinda."

Nilimwambia mwenye macho ana wajibu wa kusema anachokiona, na kwamba kama nisingesema mimi angesema mwingine. Bado naamini hivyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia bei ambayo hataweza kulipa. Mlangoni alisema siku hizi ngoma zinapigwa kwa muda mfupi, halafu watu wanakaa kimya wakisubiri kwenda nyumbani.

Msimu ulipokaribia kuisha klabu ilituma ujumbe kwa wanachama wahuishe kadi zao. Ulikuwa ujumbe mzuri, wenye shukrani. Jumapili ya wiki hiyo ilikuwa na mechi, nikampigia fundi, tukakubaliana kwamba tutamrudisha kaka kwenye ngazi zake, kwenye jua, na kadi tusiitaje. Mimi ningekaa nyuma kumshika akiteleza, nami ningefunga mdomo.

Tulimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Shemeji alikuwa amemwekea viatu karibu na miguu. Alituletea chai, akaenda kusimama jikoni mahali pa kusikia.

Fundi alianza kabla hajakaa vizuri. "Mzee, umekosa mambo. Jumapili iliyopita winga wetu aliupokea kwenye mstari kabisa, pale penye bango. Akawaita wawili waje, kwa kidole hivi, njooni. Wakaja. Akaupitisha kati ya miguu ya wa kwanza, wa pili akakaa chini mwenyewe kwa aibu. Refa alisahau filimbi mdomoni."

Ilikuwa simulizi nzuri. Hata mimi niliyekuwapo siku hiyo, kivulini, karibu na kiti kitupu, niliiona. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikiwa kwenye goti.

"Na nyasi?" aliuliza.

Fundi akanitazama. "Zimeota, mzee. Si ulizisikia mvua za juzi?"

"Katikati pia?"

"Katikati pia. Kijani kibichi."

Kaka aligeuza uso polepole mpaka ukaelekea nilipokuwa, akitafuta kivuli changu dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Nawe, mdogo wangu. Zimeota?"

Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Nimewahi kupanda juu ya majengo marefu kuliko yote ya mji huu, nikining'inia kwa kamba, wala sikuogopa kama saa ile. Nilisema, "Zimeota, kaka."

Alikaa akisikiliza, si maneno, ila jinsi nilivyoyasema. Mtu aliyepoteza macho hujifunza kusikia hivyo.

"Haya," alisema.

Akaweka kikombe sakafuni, akapandisha miguu kitandani mmoja baada ya mwingine, na kugeukia ukuta. Fundi aliendelea kukaa na kofia yake mkononi. Shemeji alikuja akachukua viatu, akavirudisha chini ya kabati.