Medali Tuliyoiita ya Vita

Baba yangu alipofariki, aliniachia medali ya shaba inayotosha kiganjani. Nyumbani kwetu Bulengera, mjini Butembo, tuliiita medali ya vita, kwa sababu baba alisema babu aliipata kwa kupigana mbali. Upande mmoja ulikuwa na uso wa kijana wa Kizungu. Upande wa pili kulikuwa na kitu kama mkuki, na maandishi yaliyofutika. Neno moja tu lilisomeka: LANDBOUW. Nilidhani ni Kijerumani, lugha ya maadui wa babu.

Mwaka jana binti yangu aliniuliza ni vita gani. Nikaipeleka kwa padri mzee Mbelgiji, aliyestaafu hapa Butembo. Aliigeuza-geuza dirishani, akaipangusa kwa kidole gumba.

"Huyu ni mfalme wetu wa mwisho kutawala Congo," alisema. "Alianza kutawala kisha vita kubwa kuisha. Donc, basi hii ni ya miaka ile karibu na uhuru. Na neno hili ni Kiflama, luga ya kwetu Ubelgiji. Maana yake ni kulima."

"Na mukuki, Padri?"

"Hapana mukuki. Angalia muzuri. Ni suke la ngano. Babu yako alishinda mashindano ya balimaji."

Nilitoka pale kama mtu aliyemwibia baba yake. Siku chache baadaye nikaenda Beni, kwa shangazi yangu anayeishi Bungulu, mtoto pekee wa babu aliyebaki. Nilimweleza polepole. Hakushangaa.

"Vita, ni baba yako alisema," alijibu. "Mimi nilionaka baba yetu na jembe tu. Kisha uhuru kufika, ukivaa kitu ya bazungu batu banakutukana. Mama akaishona ndani ya matela ya kulalia. Siye batoto tukaikuta, tukauliza. Baba akabeba jembe, akaenda shamba. Kaka yangu, baba yako, akajitungia habari yake."

"Na ngano ilikuwa wapi?"

"Musienene. Mukate ya kwanza nilikula kule, siku baba alirudi na hiyo medali."

"Mwaka gani, shangazi?"

"Mwaka siyue. Nilikuwa bila meno ya mbele. Mukate ilinisumbua."

Ndani ya gari, nikirudi Butembo, nilihesabu umri wake kwa vidole, nikirudi nyuma hadi alipong'oka meno ya utoto. Padri alikuwa amekisia vizuri: ni miaka ile karibu na uhuru.

Nilimweleza binti yangu yote. Akauliza ngano ikiwa shambani inafananaje. Nikamwambia kweli: mimi pia sijawahi kuiona.