Mababu Walicheka, Nami Sikutupa Tena

Siku niliyomnyang'anya mjukuu wangu harusi yake, marehemu wa ukoo wetu walicheka.

Sikuhadithiwa na mtu. Niliwaona kwa macho yangu haya haya yenye mtoto wa jicho.

Ngojeni niwategee kwanza, ndipo mtanielewa. Mapacha wa mti, kila mmoja ana tumbo na mgongo. Wakilala tofauti, wamekubali. Wakilala sawasawa, bado. Ni nani hao?

Ni vibao vyetu vya kuulizia mababu. Viwili, vyembamba, vimepinda kama mwezi mchanga. Unauliza, unavitupa chini. Kimoja tumbo juu na kingine mgongo juu, hiyo ni ndiyo. Migongo yote miwili juu, hapana.

Na matumbo yote mawili juu?

Hapo wanacheka. Maana yake jibu unalo mwenyewe, au umeuliza kichwa chini miguu juu. Unatakiwa utupe tena.

Unatakiwa. Lishikeni neno hilo.

Mimi ni Hun, nina miaka sabini na sita, nalima vitunguu saumu hapa mkoani Yunlin. Shule niliishia darasa la sita. Mjukuu wangu Pin-chun nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne, mimi na yeye na mbwa.

Mwaka 2018, mwezi wa kumi na moja, nchi nzima tukaitwa kupiga kura. Mbali na viongozi, kulikuwa na rundo la karatasi za maswali. Moja liliuliza hivi: unakubali kwamba ndoa iwe ya mwanamume na mwanamke tu?

Kwetu unapiga kura pale jina lako lilipo kwenye daftari la kaya. Hata ukikaa Taipei miaka ishirini, siku hiyo unarudi kwenu. Basi Ijumaa Pin-chun akashuka kwenye basi. Nyuma yake Wan-ju, kabeba mabegi yote mawili.

Wan-ju kwao ni mji wa jirani tu, dakika ishirini kwa pikipiki. Lakini alikuja kwangu kwanza. Miaka tisa alikuwa akija kwangu kwanza.

"Rafiki yangu tunayekaa naye," ndivyo Pin-chun alivyonitambulishia. Nami nikajikausha. Chumba kimoja, kitanda kimoja, miaka tisa, bibi gani hajui? Nilijua nikanyamaza.

Na yule binti alikuwa fundi wa vitendawili, mniamini. Ijumaa ile tumekaa jikoni tunamenya vitunguu saumu, akaniuliza, "Bibi, watoto wanane wamejifunika shuka moja. Ukimtoa mmoja, shuka lote limechanika. Nini hicho?"

"Hiki hapa mkononi mwangu. Umeniona mtoto wewe?"

"Aa, Bibi hashikiki!"

"Kitunguu saumu unikitege mimi! Si bora ungenitegea jina langu?"

Tukacheka mpaka Pin-chun akaja kuchungulia.

Baadaye mjukuu wangu akanivuta uani.

"Bibi, ile karatasi ya ndoa. Gonga muhuri kwenye 'sikubali.' Ukigonga 'nakubali' umetufungia mlango."

"Nimesikia."

"Niahidi."

"Mbona unanikaba kama askari? Nimesema nimesikia!"

Hakuona kwamba sikuahidi.

Sasa msinitukane kabla sijamaliza. Nilikuwa na dada, Suat. Alifariki ana miaka kumi na tisa, hajaolewa. Kwetu binti akifa, jina lake halikai kwenye madhabahu ya mababu nyumbani kwa baba yake. Hukaa kwa mumewe. Hana mume? Basi anapelekwa kwenye kihekalu cha mabinti wasio na kwao, huko nyuma ya bwawa. Mama yangu alimpelekea chungwa akilia. Mama alipofariki, nani ampelekee? Kukapita miaka hata mimi sikwenda.

Niliposikia kura hiyo, nilichokiona ni jina la Pin-chun nyuma ya bwawa, halina hata chungwa. Nikajiambia, hii ndoa yao ikizibwa, atachoka, ataolewa na mwanamume, atapata pa kuwekwa. Ndiyo akili yangu ilivyonituma.

Jioni ile nikasimama mbele ya madhabahu, nikawasha ubani. "Mababu, niwafungulie hawa mlango au niufunge?"

Sasa hilo nalo ni swali? Huwezi kuuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Hata mtoto wa kwetu anajua.

Nikatupa. Vikalia kwenye sakafu. Matumbo yote mawili juu.

Wamecheka.

Mkono ukaenda kuviokota nitupe tena. Ukarudi. Niliogopa, vikija ndiyo nitafanyaje? Nikajiambia, viwili vimelala sawa, si kukubali huko. Nikavirudisha mahali pake nikafunga.

Jumamosi Wan-ju akaazima pikipiki yangu kwenda kupiga kura kwao. Mimi na Pin-chun tukapanga foleni kwa muda wa saa mbili na nusu. Jua, wazee na viti vyao, mke wa mwenyekiti wa kijiji anapita akituwekea vikaratasi mfukoni vya kutukumbusha pa kugonga.

Nikaingia. Nikagonga "nakubali." Muhuri mdogo kama ukucha.

Nje Pin-chun akanishika mkono. "Vipi, Bibi?"

"Nimegonga ulipotaka."

Akanikumbatia mbele za watu. Kwetu hatukumbatiani hivyo.

Matokeo yalipotoka, waliogonga kama mimi walikuwa zaidi ya milioni saba. Pin-chun alikaa kwenye kigoda hajavua viatu. Wan-ju akawa anamsugua mgongo. Mimi nikapasha supu ya viazi vitamu.

"Usijisumbue, Bibi," Wan-ju akaniambia. "Wewe umetupa yako. Kura moja ingefanya nini?"

Nikamimina supu. Nyingine ikanimwagikia vidole, nisihisi kitu.

Mwezi wa pili, baada ya Mwaka Mpya wa kwetu, Wan-ju akaanguka bafuni. Mshipa wa kichwani ulipasuka. Siku nne hospitalini, akatutoka.

Kaka yake Chih-yuan ndiye aliyeitwa kusaini kila karatasi. Pin-chun, aliyeishi naye miaka tisa, akaandikwa "rafiki." Kwenye msiba ndugu walivaa magunia ya maombolezo, mjukuu wangu akasimama mstari wa nyuma na wafanyakazi wenzake Wan-ju, kavaa koti jeusi la kawaida. Hakulia. Angelia kama nani?

Na jina la Wan-ju? Binti asiyeolewa. Mmeshajibu.

Mwezi wa tano bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu waoane, kwa kuwa mahakama kuu ilikuwa imeshaamua kabla ya kura yetu. Kumbe mlango ulikuwa lazima ufunguliwe tu! Sisi tuliushikilia miezi sita, na katika hiyo miezi sita ndimo mtu alimopita.

Pin-chun akaja nyumbani wiki hiyo. Nikavitoa vibao. Safari hii niliuliza vizuri: "Mababu, mtampokea Wan-ju awe mkwe wetu, jina lake likae hapa?"

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mara tatu mfululizo.

Tukapanda pikipiki mpaka kwa Chih-yuan na kikapu cha machungwa. Ni mtu mwenye adabu, alitumiminia chai kwa mikono miwili. Nikamweleza shida yetu, kwamba kwetu hata mfu huozeshwa, si jambo geni.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, naomba nikuulize kitu kimoja tu. Ile Novemba, wewe uligonga wapi?"

Nikaweka chai chini. Pin-chun akanigeukia, anangoja niseme lile nililomwambia siku ile.

Ningeweza kudanganya tena. Nikasema, "Kwenye 'nakubali.'"

"Basi," akasema Chih-yuan taratibu. "Na mimi niligonga hapo hapo. Tuliamua pamoja, Bibi, na ibaki hivyo. Nyanyua chai."

Pin-chun akaendesha pikipiki kuturudisha. Mimi nyuma yake, nimeshika koti lake, sijui kama nina haki ya kulishika.

Tulipofika kwenye shamba letu akazima pikipiki. Hakugeuka.

"Wan-ju alikuona ile Ijumaa. Alikuwa mlango wa jikoni na beseni. Aliona vibao vimelala matumbo juu."

Nikaachia koti lake.

"Kwenye treni ya kurudi, tumeshashindwa, mimi nalia, yeye anatabasamu. Akaniambia, 'Acha kura bwana. Mababu zenu wamecheka. Bibi aliwaambia habari yangu nao wakacheka kwa furaha.' Alikufa anajua amepokelewa, Bibi."

Akawasha pikipiki.

Sasa kila tarehe moja na kumi na tano naenda nyuma ya bwawa, kwenye kihekalu kile kile alikopelekwa Wan-ju, na machungwa mawili. Moja la Wan-ju, moja la Suat. Pin-chun hupiga simu, huuliza kama nimekula, hukata.

Wajukuu zangu mnaosoma, sina elimu ya kuwafundisha sheria. Nina hili tu. Ukiuliza jambo huku unaliogopa jibu, hujauliza. Tupa tena. Tupa mara mia.

Maana nilimtoa mmoja tu shukani, shuka lote likachanika.