Mgeni Aliyepiga Magoti Mtendeni

Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri, niliingia mgahawa wangu wa kila siku, hapa Mtendeni, kula wali. Meza ya jirani alikaa mzee wa Kizungu na muongoza watalii wake, wametoka Kwihara kutazama mambo ya kale ya njia ya misafara ya watumwa.

Mama anayehudumu, mwenyeji wa Puge, akaja na jagi na beseni. Akapiga magoti kama alivyofunzwa kwao. "Shikamoo baba. Karibu unawe."

Yule mzee akarudisha mikono kifuani, uso umembadilika. Akasema neno, muongoza watalii akalitafsiri: "Anaomba uinuke. Asubuhi amesimuliwa habari za minyororo, hawezi kupigiwa magoti mchana."

Mama akaduwaa. "Kwani nimemkosea nini? Mikono yangu michafu?" Machozi yakamlenga, na mwenye mgahawa anatazama.

Ningeweza kumtetea, niseme ile ni heshima, si utumwa. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa. Mungu anisamehe.

Muongoza watalii ndiye aliyemweleza mzee kwamba ile ni heshima tu. Mgeni akashuka kitini, naye akapiga magoti ng'ambo ya beseni.

"Haya," mama akasema, "sasa nani amnawishe nani?"

Wakanawishana. Kisha mama akaja kwangu. Miaka yote ananinawisha nikitazama simu, shikamoo yake naiitikia puani. Nikaanza kuinuka, nami nipige magoti.

"Kaa, baba," akaniambia. "Wewe itikia tu shikamoo, inatosha."