Mafuta ya Upele Hayana Kodi

Mwanamke anayeuza dawa mlango wa pili kutoka kwangu, hapa Kariakoo, ana sauti ya chini inayomlazimu mteja kuinamia kaunta. Rafu ya kulia ameweka pafyumu na losheni, vitu vinavyolipiwa kodi. Ya kushoto ni dawa za cheti cha daktari, zenye msamaha wa kodi. Mchana kutwa vidole vyake virefu vinanyoosha maboksi, na ole wake mteja anayerudisha kitu upande usio wake. "Kaka, hapo umeniingiza kwenye kodi," humnong'oneza, kisha hucheka peke yake.

Jumanne niliingia kumsalimia, nikamkuta afisa wa kodi, mgeni mtaani, kashika kopo la upande wa kushoto. "Haya ni mafuta ya kujipaka. Yanalipiwa kodi." Kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari, na angeandika tu, duka zima lingekaguliwa upya. Yule mama alimtazama anavyojikuna katikati ya vidole, akamsogelea. "Hayo ni ya upele, baba, siyauzi bila cheti. Na wewe tangu uingie umeshajikuna mara sita." Afisa aliuficha mkono mfukoni, akaaga bila kuandika neno. Kesho yake akarudi na cheti cha daktari, kimekunjwa kikawa kidogo kama hirizi. Alipewa kopo lake na risiti, lakini hakuondoka. Alisimama palepale akaisoma risiti mstari kwa mstari, kuhakikisha hajatozwa kodi.