Mabega Haya ya Bogoro

Mwaka tulipokimbia vita kijijini kwetu Bogoro nilikuwa na miaka kumi na sita, na taabu ikaanza hapo. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku moja ya harusi, hapa Mbunya, mtaa wa mji wa Bunia.

Mwanangu, shule niliacha darasa la pili, macho sikuyaacha. Kufika Bunia nikaona vijana wa mji wanacheza rumba kwa kiuno. Kwetu tulicheza kwa mabega. Nikajifunza kiuno uani, nimeshika kamba ya nguo, mpaka watu wakaacha kuniuliza, "Weye iko mutu ya wapi?" Siku zile swali hilo lilikuwa na meno.

Kijana aliyetaka kunioa akanipeleka kwenye harusi ya dada yake, ili mama yake anitazame. Asiponipenda, hakuna ndoa. Gitaa likaanza, kiuno kikaenda vizuri. Kisha ikaingia sebene, ile sehemu ya rumba yenye kasi, mpiga ngoma akapiga kama siku za mavuno kwetu, na mabega yakaondoka bila kuniaga.

"Eeh, musichana!" mama yake akapaza sauti. "Ile kiuno ulikopa kwa nani?"

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Rudisha kiuno kwa benyewe. Mabega ndiyo ya kwako. Ya wapi?"

"Bogoro, mama."

Kicheko kikakatika. Yeye akakaza kitenge chake, akaja kusimama mbele yangu.

"Mbele ya vita, siye tulikuwa tunacheza ivi na watu ya Bogoro mu soko. Unionyeshe mwanzo. Nilisahau."

Nikamwonyesha. Alikosea, akacheka, akarudia.

Mpaka leo najiuliza: yule mpiga ngoma wa mjini, mapigo yetu aliyatoa wapi? Labda naye alikuwa amekimbia, akajificha humo humo ndani ya muziki. Sikumuuliza, na hilo linaniwasha bado.

Sasa unaona kwa nini nakukodolea macho ukicheza hizo ngoma za simu. Sikukatazi! Natafuta tu mabega yanaingilia wapi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema. Jifunze ya wengine, ila yako usiyafiche. Huwezi kujua nani ameyasahau na anayatafuta kwako.

Mungu akupe miguu isiyochoka, na watu wa kukufungulia duara.

Mimi leo niko na nyumba ya matofali, mashine ya kusaga mahindi, ng'ombe wawili, kitenge alichoniachia mama mkwe, na mabega haya.