Ambros Hasahau

Katika bonde la Villgraten, kwenye milima ya theluji, mtu akisahau kitu huambiwa, "Afadhali Ambros asijue." Ambros Schett, seremala wa miaka sitini na mitatu, aliijua sifa yake ya kutosahau, na aliipenda kupita kiasi. Kwa miaka arobaini alikuwa mwokoaji wa kujitolea milimani. Alikuwa amewafukua watu kumi na mmoja kutoka chini ya maporomoko ya theluji, wawili wakiwa hai. Wale tisa ndio waliomfanya mkali.

Kila anayepanda kule kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, huvaa kifuani kidude kinachotuma mlio, ili akifukiwa, wenzake wageuze vyao kuwa vya kutafutia na kuufuata. Asubuhi kiongozi hugeuza chake kwanza, akasimama mlangoni, na kila mtu akapita mbele yake ajulikane kama chake kinatuma; kisha kiongozi hukirudisha chake kwenye kutuma. Kwa Ambros, mtu yeyote ambaye kidude chake hakikuitika hakuwa na la kujitetea; aliteremka nyumbani. Gitta, binti yake wa pekee, aliwahi kusahau kukiwasha akiwa na miaka kumi na sita. Ambros alimteremsha peke yake mbele ya binamu zake, machozi yakimgandia mashavuni. "Mlima hauna samahani," alimwambia, na msimu wote ule hakumchukua tena.

Gitta alikua, lakini siku ile hakuisahau. Krismasi iliyopita alimletea baba yake kidude kipya.

"Hiki ukisahau kukirudisha, kinajirudisha chenyewe."

"Nisahau nini?" Ambros aliuliza, akakitia kabatini. Akaendelea na kile cha zamani.

Mwezi Machi walitoka watatu: Ambros, Gitta na Luis, jirani yao mfuga ng'ombe ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli. Jumamosi walivuka kilele cha kwanza, wakala matonge ya mkate na nyama ya moshi kwenye banda la wapanda milima, wakalala. Jumapili vilibaki vilele viwili. Kulipopambazuka Ambros aligeuza kidude chake, akasimama mlangoni.

Gitta alipita. Luis akafuata, akijitikisa kama bibi harusi.

"Nimeitika, bwana forodha?"

"Umeitika. Ngozi zako ziko wapi?"

Ngozi ni zile tepe za manyoya zinazobandikwa chini ya skii ili mtu anayepanda asirudi nyuma. Luis alikuwa amezilaza nje, zikakauka kama ng'onda, gundi haishiki.

"Mtu mzima ovyo!" Ambros alifoka. "Miaka yote hii hujui kwamba ngozi hulala kifuani?"

"Kifua changu kina mwenyewe, kaka. Muulize mke wangu."

Gitta aliangua kicheko. Ambros hakucheka. Alimpokonya Luis zile ngozi, akazisokomeza ndani ya koti lake mwenyewe zipate joto, akavuta zipu mpaka kidevuni. Zilipolainika akamtupia huku bado akinung'unika, wakaondoka.

Kilele cha pili walikipita jua likiwa limeshapanda. Chini ya kilele cha tatu kulikuwa na mteremko wa kuvuka mmoja mmoja. Ambros alitangulia, kama kawaida yake. Alipofika katikati theluji iliguna chini ya miguu yake, mteremko wote ukakatika, ukamzoa.

Uliposimama, alikuwa gizani, mikono imebanwa, mbele ya mdomo wake pana nafasi ya ngumi moja. Hakuogopa sana. Alikuwa na pumzi ya dakika kumi na tano hivi, na juu yake kulikuwa na watu wawili aliowafundisha mwenyewe. Aliyefukiwa huwasikia walio juu, ingawa wao hawamsikii. Akasikia skii zikikwaruza.

"Hakuna mlio," alisema Gitta.

"Tafuta vizuri, mwanangu," alisema Luis.

"Mzee Luis, hakuna! Hakuna kabisa!"

Ambros aliirudia asubuhi ile kichwani. Kisha akauona mlango wa banda, zile ngozi, zipu ikipanda. Hakuwa amekirudisha. Tangu alfajiri kidude chake kilikuwa kikisikiliza wengine, chenyewe kimya. Kinyozi hajinyoi. Mkono wake ulikuwa shibiri mbili tu kutoka kifuani, na haukusogea hata kidogo.

"Basi hayupo hapa," Luis alisema. "Baba yako hasahau. Amebebwa mpaka korongoni. Twende chini, upesi!"

Skii zikaanza kuondoka. Hapo Ambros alishtuka kuliko alivyoshtuka poromoko lilipomzoa, maana sifa yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaondoa watu juu ya kichwa chake. "Nimesahau!" alipiga kelele. "Gitta, nimesahau!" Theluji ikaimeza sauti yote.

Skii za mtu mmoja zikasimama.

"Glavu yake hii hapa."

"Glavu husukumwa popote, mwanangu! Bila mlio..."

"Mimi nilisahau," alisema Gitta. "Na yeye ni mtu. Nenda wewe korongoni, mimi nachoma fimbo hapa."

Fimbo ndefu ya kutafutia ikashuka kushoto kwake. Ikashuka tena karibu na miguu. Mara ya tano ikamgonga bega, na Ambros akalia kwa furaha humo humo gizani.

Gitta alimwita Luis arudi, wakamfukua Ambros uso kwanza, kisha kifua. Gitta alifungua zipu, akakiona kidude na alama ya kutafuta ikiwaka. Luis naye akakiona, akaendelea kufukua miguu. Gitta alikigeuza kwa kidole gumba. Cha kwake, kifuani, kikaitika papo hapo.

Ambros hakuweza kumtazama. Aibu ilimchoma kuliko baridi.

"Sheria ni sheria," alisema, meno yakigongana. "Niteremsheni nyumbani."

"Utateremka," Gitta alisema, akimvisha glavu yake. "Lakini si peke yako, Baba."